Bandani inazimika, nyumbani haizimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Wilaya ya Chamwino, upande wa Mvumi. Ni karani wa chama chetu cha ushirika cha wakulima wa zabibu. Msimu ukifika wanachama wanaleta mzigo bandani, unapimwa, mimi naandika kilo za kila mtu kwenye kompyuta, kisha gari la mnunuzi linapakia. Kompyuta hiyo ni ya kwangu. Niliinunua ya mtumba Dodoma mjini baada ya kupokea zamu yangu ya mchezo wa kina mama. Chama hakina ya kwake.

Tatizo ni skrini. Nikiwa bandani inazimika kila mara. Mkulima anashusha kreti zake, tunasubiri mizani itulie, nikigeuka kuandika nakuta giza. Nikigusa, inadai neno la siri. Naliandika huku watu wamenizunguka na watoto wa shule wamesimama nyuma yangu, nadhani nusu ya kijiji wanalijua sasa. Zabibu iliyokwisha kuchumwa haivumilii jua, Shangazi, na mtu aliyeingia shambani tangu alfajiri hana muda wa kunitazama nikibonyeza herufi.

Nilimwomba shemeji yangu anayesoma chuo mjini aniangalizie. Alikuja Jumapili, akakaa sebuleni, akaingia kwenye mipangilio na kuweka skrini isizimike kamwe. Tukaiacha mezani tukaenda kula, tuliporudi tukaikuta inawaka. Nikashukuru. Kesho yake bandani ikazimika vilevile. Sasa nina shida mbili: bandani inazimika, nyumbani haizimi. Usiku lazima niiweke kwenye chaji kwa ajili ya kesho, na sisi na mtoto mdogo tunalala chumba kimoja. Ule mwanga unamulika ukutani mpaka asubuhi. Mume wangu anasema LUKU inaisha haraka kwa sababu ya kompyuta yangu, na kwamba chama kinapaswa kuja kulala nayo.

Mwenyekiti naye ana dawa yake. Anasema nitoe neno la siri kabisa na skrini iwe wazi muda wote, kila mtu aone kilo zinavyoingia, kwa sababu zamani kulikuwa na karani aliyelalamikiwa kuandika pungufu. Wanachama wengi wanamuunga mkono. Lakini humohumo kwenye kompyuta ndiko yaliko madeni ya wanachama, mikopo ya salfa na ya mabomba ya kupulizia. Msimu wa Machi niliinuka kwenda kusaidia kusawazisha mizani, mtu akasogea mezani akasoma deni la mzee mmoja, na jioni likawa gumzo kilabuni. Mzee huyo alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Tangu siku ile nikimwamkia anaitikia akiwa ameangalia pembeni.

Nimfuate mwenyekiti? Na je, ni halali kukidai chama kitu chochote kwa kutumia mashine yangu? Nilipoinunua betri ilikuwa inafika jioni, sasa hata saa saba mchana haifiki.

Karani wa Mizani, Chamwino

*

Marahaba, mwanangu. Mbukwa, na pole kwa msimu mgumu.

Nianze na fumbo la bandani na nyumbani, maana lina jibu moja fupi. Windows inatunza muda wa kuzima skrini mara mbili: kuna muda wa wakati kompyuta iko kwenye umeme, na kuna muda mwingine wa wakati inatumia betri. Shemeji yako alikaa sebuleni chaja ikiwa imechomekwa, akabadilisha mstari wa umeme, mkajaribu chaja ikiwa bado imechomekwa, ikafanya kazi. Bandani huna soketi. Ukichomoa tu waya, kompyuta inahamia mstari wa betri, na huo haukuguswa na mtu. Umebaki na dakika chache ambazo kompyuta ilikuja nazo, zilizowekwa fupi makusudi ili betri isiishe. Kwa hiyo mashine yako haina kasoro, na shemeji hakukosea alichokifanya, isipokuwa alikifanya upande mmoja.

Fanya hivi leo jioni, na kabla hujaanza chomoa chaja ili uone mambo kama yanavyokuwa bandani. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows, kile cha chini kushoto kwenye kibodi, na herufi I. Mipangilio itafunguka. Ingia palipoandikwa System, halafu tafuta Power: kwenye Windows 11 utakuta Power & battery, kwenye Windows 10 utakuta Power & sleep. Humo kuna mistari ya dakika. Miwili inahusu skrini, mmoja wa betri na mmoja wa umeme. Mingine miwili inahusu kulala kwa kompyuta yenyewe, nayo ni wa betri na wa umeme. Kwenye Windows 11 huenda mistari hiyo imefichwa chini ya kichwa chenye neno Screen, ukikigusa inashuka. Soma vizuri kila mstari kabla ya kuchagua dakika, kwa sababu inafanana sana, na hapo ndipo watu wengi wanapoachana na wanachokitafuta.

Sasa twende taratibu kidogo, kwa kuwa kuzima skrini na kulala ni mambo mawili, na shida yako ya neno la siri imejificha katikati yake.

Skrini ikizimika peke yake, kompyuta iko macho. Orodha yako ya kilo iko wazi palepale ulipoiacha, na ukigusa kibodi mwanga unarudi mara moja bila kuulizwa chochote. Ni kama bibi aliyefumba macho kibarazani: ukimwita anaitika neno lile lile ulilolisema. Kompyuta ikilala ni habari nyingine. Prosesa inasimama, kazi yako inabaki kwenye kumbukumbu ya muda inayolishwa na umeme kidogo sana, na ukiiamsha inataka kujua ni nani aliyeiamsha. Ndiyo maana inakudai neno la siri. Kwa maelezo yako, bandani hufikii kuzimika kwa skrini tu, unafikia usingizi wenyewe. Muda wa kulala kwenye betri ni mfupi mno kwa kazi yako.

Kwa hiyo kwenye mistari ya betri weka skrini dakika 15 na kulala dakika 30. Kwa nini nisikwambie uweke isizimike kamwe? Kwa sababu ya betri yako. Hebu tuchukulie imebakiwa na uwezo wa wati-saa 30, yaani kutoa wati 30 kwa saa moja, jambo la kawaida kwa mashine ya mtumba, na kwamba kompyuta inakula wati 15 ikiwa na mwanga mkali. Hapo una saa mbili tu za kufanya kazi. Skrini ni miongoni mwa vitu vinavyokula zaidi kwenye kompyuta mpakato, hivyo kila dakika ambayo foleni imekatika na skrini imezimika, umejiwekea akiba ya mchana. Mkulima mwenye kreti nyingi kumaliza kushusha na kupimiwa hachukui dakika 15 bila wewe kuandika hata namba moja, kwa hiyo wakati wa kazi hutaiona ikizimika. Gari likichelewa na watu wakikaa chini ya mti, itazimika yenyewe, na ikipita nusu saa italala.

Ukishaweka, usiamini mpaka uone. Chaja ikiwa nje, acha kompyuta mezani ufanye shughuli zako mpaka skrini izimike, kisha gusa kibodi. Ikirudi moja kwa moja kwenye orodha, umemaliza. Ikidai neno la siri hapohapo, basi mashine yako ni ya aina ya karibuni ambayo skrini ikizimika na yenyewe inasinzia kwa pamoja. Ikiwa hivyo, rudi kwenye mipangilio, ingia Accounts kisha Sign-in options, uangalie swali la lini Windows ikudai kuingia upya. Mashine za aina hiyo zinakupa kuchagua dakika: chagua 15. Mashine za zamani hapo zina majibu mawili tu, inapoamka au kamwe. Hilo la kamwe ndilo analolitaka mwenyekiti wako, na nakuomba usiliguse. Nitarudi kwa mwenyekiti.

Lipo jambo moja ambalo hukulitaja lakini nalihisi. Jua la Dodoma saa saba mchana linaweza kukufanya udhani skrini imezimika kumbe imefifia tu. Betri ikishuka mpaka asilimia 20, au 30 kwenye matoleo mapya ya Windows 11, kompyuta inaingia kwenye hali ya kubana matumizi na inapunguza mwanga yenyewe. Ndani ya chumba utaona tofauti ndogo. Nje, chini ya bati lililo wazi pembeni, utaona giza na uso wako mwenyewe. Kwenye ukurasa uleule wa Power, sehemu ya kubana betri, kuna kitufe cha kuiambia isipunguze mwanga. Kizime kama unaona kinakusumbua, lakini kwanza geuza meza ili skrini isitazamane na jua. Hilo halili betri hata kidogo.

Na kwa kuwa bandani huhitaji intaneti kupima zabibu, washa hali ya ndege. Wi-Fi na Bluetooth zikinyamaza, betri inapumua.

Kila ukimaliza mkulima mmoja, bonyeza Ctrl na S kabla hujamwita wa pili. Fanya iwe tabia ya vidole. Kompyuta iliyolala inaendelea kutumia umeme kidogo kidogo, na betri chakavu inaweza kukata ghafla bila kuonya. Ambacho hakikuhifadhiwa hapo hakina dhamana. Daftari la karatasi na stakabadhi ya mkono usiviache hata uwe na kompyuta mpya kabisa. Siku ambayo kilo za mtu zitabishaniwa, karatasi yenye saini yake ndiyo itakayokusimamia.

Ukifunga kifuniko vumbi linapovuma, kompyuta inalala, na hiyo ni sawa, iache hivyo. Lakini ukiibeba kwenye begi kwa bodaboda, izime kabisa au iweke kwenye ule usingizi mzito ambao kazi yote inaandikwa kwenye diski na umeme unakatika. Wanauita Hibernate. Mashine nyingi za mtumba zina diski ya zamani inayozunguka, na diski inayozunguka haipendi barabara ya matuta. Pia kompyuta iliyo macho ndani ya begi lililofungwa inapata joto ambalo halina pa kutokea. Kama huoni Hibernate kwenye kitufe cha kuzima, fungua ile paneli ya zamani ya Windows inayoitwa Control Panel, ingia Power Options, chagua kazi za vitufe vya kuzimia, na humo utakuta kisanduku cha kuitia tiki.

Sasa chumbani kwako, ambako nadhani ndiko unakoumia zaidi kuliko ulivyoandika.

Mume wako ana haki kuhusu mwanga. Kuhusu LUKU, tupige hesabu kwa haki ya wote wawili. Kompyuta mpakato ikiwa macho na skrini inawaka, ukiijumlisha na hasara ya chaja, tuseme wati 20. Kwa saa 9 za usiku ni wati-saa 180, na uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo hata robo ya uniti haifiki. Kwa mwezi mzima ni kama uniti 5 na nusu. Zipo, ni fedha, na kwa nyumba inayobana matumizi zinaonekana. Ila si hizo zinazomaliza umeme wenu peke yake. Kama mna pasi, jiko la umeme, hita ya maji au friji ya zamani, aanze kuuliza huko. Mwoneshe hesabu kwa upole, usiifanye ushindi. Na kwa kuwa kompyuta ikilala inatumia sehemu ndogo tu ya hizo wati, mnaweza kuondoa karibu uniti zote hizo bila kuacha kuchaji.

Dawa yake ni kurudi kwenye mistari ya umeme, ile aliyoigusa shemeji, na kuondoa neno Never, yaani kamwe, kwenye skrini na kwenye kulala pia. Weka skrini dakika 5 na kulala dakika 15. Betri inachaji vizuri kabisa kompyuta ikiwa imelala, na hata ikiwa imezimwa. Wengi wanadhani lazima iwake ndipo ichaji, na wanakesha na mwanga bure. Tena huna haja ya kusubiri hizo dakika 5: ukichomeka chaja usiku, funga kifuniko, chumba kinakuwa giza saa ileile na mtoto analala.

Ikitokea usiku umeiacha wazi na ukakuta haijazimika ingawa dakika zimepita, uliza kwanza kama mtoto hakuacha katuni ikicheza. Programu ya video inaruhusiwa kuiambia Windows isizime skrini, maana mtu anayetazama hagusi kibodi. Katuni iliyosahaulika inaweza kuiweka kompyuta macho usiku mzima hata kama mipangilio iko sawa.

Hapo nikuulize: mtoto anatumia akaunti yako? Kama ndiyo, yuko hatua moja tu kutoka kwenye kufuta orodha ya kilo za kijiji kizima. Kwenye Accounts kuna mahali pa kuongeza watumiaji wengine. Mfungulie yake, ya kawaida isiyo na mamlaka ya kubadilisha mambo, na katuni zake zikae huko. Muda wa skrini na wa kulala utabaki wa mashine nzima, lakini mafaili yako hatayaona.

Tuje kwa mwenyekiti.

Ninamwelewa, na nataka nawe umwelewe kabla hujamwendea. Kijiji kilichowahi kumshuku karani wa mizani kina kidonda. Mkulima wa zabibu amepruni, amepulizia salfa, amelinda ndege, amechuma kabla jua halijapanda, na jasho lake lote la msimu linageuka kuwa namba moja unayoiandika wewe. Ana haki ya kuiona namba hiyo ikiingia. Anayedai skrini iwe wazi anadai jambo la haki.

Kosa la mpango wake ni kuweka mambo mawili kwenye kioo kimoja. Kilo ni za kuonwa na mwenye kilo. Deni ni la kuonwa na mwenye deni, karani na wale wa kamati wanaohusika, basi. Na hili si suala la aibu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Orodha ya nani anadaiwa nini, yenye majina, imo humo. Chama kikitoa neno la siri kwenye kompyuta yenye orodha hiyo na kuiacha mezani mbele ya foleni, kinajitafutia lawama ambayo mwenyekiti mwenyewe ndiye atakayeitwa kuijibu. Mwambie hivyo kwa lugha ya kumkinga yeye, kwa sababu ni kweli unamkinga.

Kisha mpelekee mpango, usimpelekee malalamiko tu. Mpango ni huu. Madeni yahame kwenye faili la kilo. Kama unatumia Excel, usitosheke na kuficha ukurasa, mtu anaufichua kwa kubonyeza mara mbili tatu. Tengeneza faili la pili la madeni peke yake na ulifunge kwa neno lake la siri: ingia File, kisha Info, kisha Protect Workbook, na hapo chagua lile la kulifungia kwa neno la siri. Neno hilo liandike kwenye karatasi, libaki kwenye bahasha kwa mweka hazina, kwa sababu ukilisahau Excel haina njia ya kukurudishia. Siku ya mizani faili la madeni halifunguliwi kabisa. Makato yafanyike baadaye ofisini, mtu mmoja mmoja, mlango ukiwa umerudishwa.

Kwa hiyo bandani skrini inabaki na kilo tu. Igeuze meza ili mgongo wa skrini utazamane na foleni. Aliyepo mizani anasogea upande wako, anaona jina lake na kilo zake zikiingia, unamsomea kwa sauti, anatia saini kwenye daftari, anaondoka. Mwenyekiti anapata uwazi alioutaka, tena bora zaidi, maana namba iliyosomwa kwa sauti na kusainiwa haina mahali pa kupungulia.

Na kila unapoinuka, hata kama unakwenda hatua tatu kushika mizani, bonyeza kitufe cha Windows na herufi L. Skrini inajifunga papo hapo, bila kusubiri dakika yoyote. Mipangilio ya kulala inakusaidia unaposahau. Herufi L inakusaidia unapokumbuka, na ingekuwa imebonyezwa siku ile ya Machi, deni la yule mzee lisingefika kilabuni. Sikulaumu, hakuna aliyekufundisha. Ninataka tu lisitokee tena.

Neno la siri lenyewe libadilishe leo, maana limeshakuwa la umma. Windows inakuruhusu kutumia PIN, na usiishie tarakimu nne za mwaka wa kuzaliwa mtoto. Weka sita au nane zisizo na maana kwa mtu mwingine. Kama mashine yako ina kile kijidirisha kidogo cha alama ya kidole pembeni ya kibodi, kitumie, utafungua kwa sekunde moja na watoto hawatakuwa na cha kukariri. Ila ukitoka kuchuma au kuosha vyombo kidole kinaweza kukataliwa, hivyo sajili vidole viwili vya mikono tofauti.

Kuhusu mzee. Usingoje mkutane njiani. Nenda nyumbani kwake jioni, ukiwa na mtu mzima mmoja wa kamati anayemheshimu, asiwe mwenyekiti. Mwamkie, kaa chini, mwambie wazi kwamba deni lake lilisomwa kwenye meza yako na mtu asiyehusika, na kwamba umeumia. Usimtaje aliyesoma hata akikuuliza, utaanzisha ugomvi wa pili. Halafu mweleze kilichobadilika: kwamba madeni sasa yako faili lake lenye kufuli, hayafunguliwi tena bandani, na meza imegeuzwa. Wazee wa kwetu wanasamehe aliyekuja na jambo mkononi upesi kuliko aliyekuja na maneno matupu. Kwa hiyo usiende kabla hujavifanya. Akinyamaza, mwache anyamaze, maji yakiletwa, unywe. Umetimiza wajibu wako kwa rafiki wa baba yako.

Swali la mwisho umeliuliza kwa aibu, na hustahili kuona aibu. Ndiyo, ni halali kabisa. Betri ya kompyuta ni kitu kinacholiwa na matumizi. Kila inapojazwa na kumalizwa inapoteza kidogo ya uwezo wake, na joto la bandani linaharakisha. Yako imeishia kwenye kazi ya chama.

Lakini usiende kwenye kikao na hisia, nenda na ushahidi ambao kompyuta yenyewe inao. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, dirisha jeusi litafunguka. Andika powercfg, acha nafasi, halafu mkwaju na neno batteryreport, hivi: powercfg /batteryreport. Bonyeza Enter. Itakuandikia ripoti na kukuonesha mahali ilipoihifadhi, kwa kawaida kwenye folda yenye jina lako. Ifungue, shuka kidogo, utaona namba mbili. Ya kwanza, Design Capacity, ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. Ya pili, Full Charge Capacity, ni uwezo iliobaki nao ikijazwa leo. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, umebakiwa na nusu ya betri. Chini zaidi ripoti inaonesha namba hiyo ilivyoshuka kipindi kwa kipindi, na wiki za msimu wa mizani mara nyingi zinajionesha zenyewe.

Chapisha ukurasa huo steshenari, uupeleke kamati. Omba mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari: kwamba chama kitachangia betri mpya kabla ya msimu wa Agosti, na kwamba mpaka chama kitakaponunua kompyuta yake kitakulipa kiasi mtakachokubaliana kwa kila siku ya mizani. Wakikubali betri, mpe fundi namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini ya mashine kabla hujatoa hata shilingi, maana betri inayofanana kwa macho inaweza isiingie. Na ikishafungwa, toa ile ripoti upya siku hiyohiyo ukiwa bado dukani. Namba mbili zinapaswa kukaribiana. Zisipokaribiana, umeuziwa betri ya zamani, irudishe hapohapo.